Kata Mshono Kwanza

Afisa wa forodha aliomba mkasi. Ankara na orodha ya vifurushi zilikuwa mezani mbele yake, nimezibana vizuri kwa stepla, lakini hakuzigusa. Aliingiza mkono kwenye katoni ya kwanza, akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, akakibonyeza mara mbili kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa.

“Dada, una mkasi?”

Nilikuwa nao. Akafumua mshono wa pembeni, urefu wa kidole tu, na pale pakachungulia kijazo cheupe cha poliesta.

Ankara ilisema “duveti, pamba asilimia 100”. Mimi nilikuwa nimeweka tamko la forodha kwenye kitabu cha ushuru kifungu cha 6302, ambacho ni cha mashuka, foronya na nguo nyingine za kitandani, pamoja na za mezani, za bafuni na za jikoni. Sikuwa nimetimiza hata miaka miwili katika kazi ya kugomboa mizigo, na kwangu duveti ilikuwa tandiko la kitandani, basi. Nani asiyejua duveti? Shida ni kwamba kila mtu anaijua ya kwake. Muuzaji mmoja huita duveti lile kava tupu la kuvika, mwingine huita duveti ile iliyojazwa, wa tatu anamaanisha seti nzima pamoja na shuka na foronya mbili. Neno ni moja, vitu ni vitatu, na kwenye kitabu cha ushuru havikai nyumba moja.

Kontena lilikaa siku kumi na moja. Tamko likarekebishwa, tofauti ya ushuru ikalipwa, faini ikawekwa juu yake, na mwenye mzigo akaacha kupokea simu zangu kwa muda. Sikumlaumu.

Mzee niliyekuwa nikifanya kazi chini yake hakunikaripia. Aliuliza tu, “Mwanangu, ulisoma 6302?”

“Nilisoma, mzee.”

“Na maelezo yaliyo mwanzoni mwa Sehemu, uliyasoma?”

Nikanyamaza. Akanisukumia kitabu, akaenda zake.

Kwa asiyewahi kukifungua, kitabu hicho kimejengwa juu ya mfumo wa HS, yaani mfumo wa pamoja wa kuzipa bidhaa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo nchi na maeneo zaidi ya 200 huutumia. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila mahali. Baada ya hapo kila nchi huongeza tarakimu zake na kuweka viwango vyake vya ushuru. Sura ni 97, ya 77 ikiwa imeachwa tupu. Sehemu ya XI ndiyo ya nguo na vitambaa, sura ya 50 hadi ya 63, na mbele ya sura hizo kuna maelezo yenye nguvu ya sheria. Kanuni ya Jumla ya kwanza inasema wazi kwamba majina ya sehemu na sura yamewekwa kurahisisha kutafuta tu, na kwamba kinachoamua ni maneno ya kifungu na hayo maelezo. Mimi nilikuwa nikiingia moja kwa moja Sura ya 63, kama mtu anayeanza kusoma barua katikati.

Maelezo ya Sehemu ya XI yanafungua kwa orodha ndefu ya vitu visivyomo, na bidhaa za Sura ya 94 zimo kwenye orodha hiyo. Sura ya 94 ni ya samani. Humo ndani 9404 inachukua magodoro, mito, matakia, duveti, yaani kila tandiko lenye springi, au lililojazwa kitu chochote kile, au lililotengenezwa kwa povu la mpira au la plastiki, liwe limevikwa kitambaa au halikuvikwa. Kitambaa cha nje kinaweza kuwa pamba safi kabisa, na bado hakibadili neno. Kava tupu la duveti ni 6302; ile iliyojazwa ni 9404. Hali ni hiyohiyo kwa kitandikio cha juu cha kitanda: kikiwa kitambaa tu kinaenda 6304, kikiwa na kijazo katikati kinahamia 9404. (Godoro la kujaza upepo usilipeleke huko. Sura ya 94 inalikataa kwa jina, nalo linakwenda 39, 40 au 63 kulingana na limetengenezwa kwa nini.)

Tangu siku ile nina mkasi wangu kwenye mkoba.

Kingine nilichokuja kukiona kwa kuumia ni kwamba hizo namba zenyewe si za milele. Nilikuwa na jedwali langu la namba nilizozizoea, na mito na duveti zote zilikuwa 9404.90, kapu la “nyinginezo”. Toleo la HS lililoanza tarehe 1 Januari 2022 likazitoa duveti na vitandikio vilivyojazwa na kuvipa namba yao, 9404.40, mito ikabaki kwenye kapu. Lilipoanza kutumika kwetu nilituma tamko kwa namba ya zamani na likarudi kama mpira uliogonga ukuta. Toleo linalofuata linaanza kutumika tarehe 1 Januari 2028. Jedwali langu sasa lina tarehe juu yake.

Lakini duveti ilikuwa somo rahisi, maana ukishakata mshono umemaliza. Mashuka ndiyo yaliyonila muda.

Hapa hata Kiswahili chetu kilinichelewesha. Fundi aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi anafuma, na bibi anayetengeneza sweta kwa sindano mbili naye anafuma. Sisi tuna kitenzi kimoja. Kitabu cha ushuru kinawatenganisha hawa wawili kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Cha kwanza ni kitambaa cha mtande na mshindio, nyuzi zilizokatizana. Cha pili ni cha vitanzi, uzi unapita ndani ya kitanzi cha uzi mwingine, kama fulana. Katika 6302 shuka la vitanzi lina namba yake peke yake, 6302.10, na namba hiyo haijali nyuzi ni za pamba, za poliesta au za nini.

Hilo la mwisho sikulijua nilipopokea mzigo wa mashuka ya kitambaa cha fulana, yale yenye mpira pembeni ya kubana godoro. Lebo ilisema pamba na poliesta. Kwa kuwa nilishaungua mara moja, safari hii niliamua kuwa makini: nikapeleka sampuli maabara ipimwe asilimia za nyuzi. Tukalipa, tukasubiri. Majibu yalipokuja nikayapeleka kwa mzee nikiwa na fahari yangu. Akavuta shuka kidogo kwa vidole viwili, likanyooka kama mpira, akacheka hadi akavua miwani.

“Umelipia jibu la swali ambalo hakuna aliyekuuliza.”

Na mablanketi ni kinyume chake. Kifungu cha 6301 kwenye tarakimu sita hakiulizi kama blanketi limefumwa kwa vitanzi au kwa mtande. Kinauliza nyuzi: sufu na manyoya laini ya wanyama ni 6301.20, pamba ni 6301.30, nyuzi sintetiki ni 6301.40, nyingine zote 6301.90. Blanketi la umeme linatangulia wote kwenye 6301.10, na linabaki hukohuko kwenye nguo, halihamii kwa vifaa vya umeme kama nilivyodhani. Mtu asichanganye pia sufu na sufi. Herufi moja tu, lakini sufu imetoka kwa mnyama na sufi imetoka mtini. Nimewahi kupokea maelezo ya mzigo kwa simu, nikaandika moja badala ya nyingine, nikashangaa mto wa “sufu” unaokuwa mwepesi vile.

Mablanketi yale manene yenye manyoya juu yana mtego wake. Ukiyatazama upande wa chini unaona kitambaa cha msingi, na kinaweza kuwa cha nyuzi tofauti na manyoya yenyewe. Maelezo ya vifungu vidogo yanasema katika kuhesabu nyuzi za bidhaa ya namna hiyo, kitambaa cha msingi kisihesabiwe, yahesabiwe manyoya. Kwa hiyo manyoya ya akriliki juu ya msingi wa pamba ni blanketi la sintetiki, hata kama pamba imechangia uzito mwingi.

Turudi kwenye mashuka yasiyo ya vitanzi. Kitabu kinauliza kwanza: yamechapwa au hayakuchapwa? Yaliyochapwa ni 6302.21 yakiwa ya pamba, .22 yakiwa ya nyuzi za kutengenezwa na binadamu, .29 yakiwa ya nyuzi nyingine. Yasiyochapwa ni .31, .32 na .39 kwa mpangilio uleule. Niliposoma “kuchapwa” nilielewa “yenye michoro”. Basi mashuka yote yenye maua na mistari niliyaweka kwenye yaliyochapwa, na meupe matupu kwenye yasiyochapwa. Nilifanya hivyo kwa miezi. Aliyenizindua ni mama mmoja wa ukaguzi, mpole, aliyezoea kuniita mdogo wangu. Alishika shuka la mistari ya bluu, akachomoa uzi mmoja ukingoni, akauweka juu ya karatasi nyeupe.

“Mdogo wangu, huu uzi una rangi gani?”

“Bluu.”

“Mwanzo hadi mwisho?”

Mwanzo hadi mwisho. Uzi ulitiwa rangi kabla haujafumwa, na mistari ilipatikana kwa kupanga nyuzi kwenye mtambo. Rangi haikuchapwa juu ya kitambaa. Akachukua shuka jingine la maua, akachomoa uzi, nao ukawa na bluu, kisha mweupe, kisha bluu tena, vipande vipande. Lile ndilo lililochapwa. Mara nyingi hata kugeuza tu shuka kunatosha, maana mchapo huwa umefifia upande wa nyuma, ila si kila mara, na uzi mmoja uliochomolewa haujawahi kunidanganya. Jioni ile nilirudia matamko ya nyuma na kuhesabu niliyoyakosea. Mengine yalikuwa hayana madhara kwa ushuru, mengine yalikuwa nayo, na tulijipeleka wenyewe kuyasahihisha kabla hatujaitwa. Kujipeleka kulisaidia.

Baada ya hapo ndipo swali la nyuzi linapokuwa swali la kweli, na kanuni yake ni ya mizani: nyuzi zenye uzito mkubwa kuliko aina nyingine yoyote ndizo zinazobeba shuka zima. Idadi ya nyuzi kwenye inchi, ambayo wauzaji huiandika kwa herufi kubwa kwenye pakiti, haina nafasi katika tarakimu hizo sita. Wala ulaini hauna nafasi. Maikrofaiba iliyopigwa brashi ni laini kuliko pamba nyingi, nayo ni poliesta.

Je, zikilingana? Shuka la pamba 50 na poliesta 50 lilikuwa likinichanganya sana, hadi nikasoma Maelezo ya 2 ya Sehemu ya XI: ikiwa hakuna iliyozidi, chukua ile ambayo kifungu chake kinakuja mwisho kwa namba. Pamba ni Sura ya 52, nyuzi fupi za kutengenezwa ni Sura ya 55. Poliesta inashinda kwa kuja nyuma. Na ukiwa na shuka lenye pamba 45, nyuzi ndefu za poliesta 35 na fupi 20, usikimbilie pamba kwa sababu 45 ndiyo namba kubwa kwenye lebo. Sura ya 54, ambayo ni ya nyuzi ndefu za kutengenezwa, na ya 55 zikikutana na sura nyingine, huhesabiwa kama moja. Ni 55 dhidi ya 45.

Ndiyo maana lebo inayosema 52 kwa 48 inanikosesha usingizi kuliko inayosema 90 kwa 10. Maabara ina njia yake: sampuli iliyokaushwa na kupimwa huingizwa kwenye asidi ya salfuriki ya asilimia 75, pamba inayeyuka, poliesta inabaki, kinachobaki kinaoshwa, kinakaushwa, kinapimwa tena. Kiwandani kiasi cha uzi kikibadilika kidogo tu, mzigo umevuka mstari. Nyumbani mimi huchoma uzi. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta inajikunja na kuacha punje ngumu. Hiyo inaniambia kilichomo, lakini haiwezi kuniambia kiasi, na kwa mchanganyiko haifai.

Halafu mianzi. Huu ulikuwa ugomvi mrefu na mteja mmoja. Mashuka yake yaliuzwa kama ya mianzi, na alitaka yaingie kwenye “nyuzi nyingine” kwa hoja kwamba mwanzi ni mmea na si plastiki. Ni hoja nzuri ya sokoni. Lakini mwanzi uliosagwa, ukayeyushwa kwa kemikali na kusukumwa kwenye vitundu kuwa uzi ni viskosi, na Maelezo ya 1 ya Sura ya 54 yanaihesabu viskosi miongoni mwa nyuzi za kutengenezwa na binadamu. Kwa hiyo ni .22 au .32, jirani wa poliesta. Mteja alisema nimemtukana mwanzi. Tuliweka namba sahihi na urafiki ukapona taratibu.

Kuhusu seti naweza kusema mengi, ila nitasema kisa kimoja. Mfuko wenye duveti iliyojazwa, shuka, foronya na pindo la kufunika miguu ya kitanda una vitu vya vifungu vitatu: 9404, 6302 na 6303. Kanuni ya Jumla ya 3(b) inaruhusu viende pamoja, kwa namba ya kile kinachoupa mfuko tabia yake, vikiwa vimewekwa pamoja kwa haja moja na kufungwa tayari kwa mnunuzi wa mwisho bila kufungashwa upya. Mteja wangu aliagiza vitu hivyohivyo, akaokoa gharama kwa kuleta duveti katoni zake, mashuka katoni zake, na mifuko mitupu katoni zake, apange mwenyewe akifika. Ankara iliandika “seti 600”. Hapakuwa na seti hata moja kwenye kontena lile. Kila kitu kilikwenda kwenye kifungu chake, na tamko la mistari miwili likawa la mistari mingi.

Pia kuna waliodhani watakwepa kwa kuleta shuka kama kitambaa. Kipande cha mstatili kilichokatwa tu ni kitambaa bado, kweli. Kikipigwa upindo, hata ukingo mmoja, kimekuwa bidhaa iliyokamilishwa na kinahamia Sura ya 63. Ukingo ukizungushiwa uzi kuzuia usifumuke tu, hapo haujakuwa upindo. Nimeona watu wazima wawili wakibishana kwa nusu saa juu ya ukingo wa kitambaa kwa lenzi ya kukuzia, na nilikuwa mmoja wao.

Mitumba ya kitandani nayo nilikuwa nikiirundika yote kwenye 6309. Kifungu hicho kina masharti mawili, kitu kionyeshe wazi kimechakaa kwa kutumiwa, na kije kwa wingi au kwenye marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Mashuka, mablanketi na mapazia yanakubalika. Mto na duveti zilizojazwa hazimo, maana zilishaondolewa Sehemu ya XI tangu mlangoni. Robota lenye mito michache chini ya mablanketi lina namba mbili.

Siku hizi nikikutana na kitu chenye utata sibahatishi, naomba uamuzi wa mapema wa uainishaji kwa maandishi kabla mzigo haujapakiwa. Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama katika Kifungu cha 3 zitoe maamuzi hayo ndani ya muda uliowekwa, na uamuzi ukitoka unaifunga forodha kwa aliyeuomba. Watu wengi katika kazi yetu hawautumii. Wanaona ni kuamsha aliyelala. Mimi niliyekaa siku kumi na moja nikitazama kontena naona heri aamke mapema.

Na kwa watengenezaji nina ombi moja kabla ya ankara: picha ya bidhaa iliyofunguliwa mshono, picha ya upande wa nyuma wa kitambaa, na uzito wa kila aina ya uzi. Mmoja alilalamika kwamba namharibia mali. Nikamwambia akate ile ya sampuli, nitaihesabu mimi. Wiki iliyofuata picha ikaja: duveti imekatwa kutoka kona hadi kona, kijazo kimemwagika sakafuni kote, na mkono wa mtu umeshika mkasi pembeni. Chini yake aliandika, “Inatosha, au nikate na mto?”

Nikamjibu akate na mto.